Mwamba Ngoma Ngozi Huivutia Kwake: Antonio Sánchez na Tuzo Isiyosikia Mapigo

Mnamo Desemba 2014, Akademi ya Filamu ya Marekani, ambayo ndiyo itoayo tuzo za Oscar, ilitangaza orodha ya filamu ambazo muziki wake ungeweza kuwania tuzo ya muziki uliotungwa mahususi kwa ajili ya filamu. Birdman, iliyokuwa ikisifiwa kila pembe mwaka ule, haikuwamo. Muziki wa filamu hiyo ulikuwa umetungwa na kupigwa na Antonio Sánchez, mzaliwa wa Jiji la Mexico, kwa dramu peke yake. Hamna fidla ndani yake, hamna piano, hamna zumari. Sababu ya kuenguliwa ilielezwa kwa ufupi: mbali na dramu, filamu hiyo ina vipande vya Mahler, Tchaikovsky, Ravel, Rachmaninoff na John Adams, kwa hiyo kazi ya Sánchez ilihesabiwa kuwa imezimuliwa na muziki uliokuwapo tangu zamani. Sánchez na mwongozaji wake, Alejandro González Iñárritu, walikata rufaa. Rufaa ikatupwa.

Zaidi ya miaka kumi imepita, na kisa hiki kimegeuka tanbihi ndogo katika maisha ya Sánchez. Wanaokitaja hukitaja kwa namna mbili. Wapo wasemao kwamba sheria ni sheria, na asiyeipenda asiingie uwanjani. Wapo pia wasemao kwamba Mmeksiko alibaguliwa, basi, hakuna la kuongeza. Makala haya yanakataa yote mawili. Hoja ya kwanza ni ya uvivu, na ya pili, ingawa ina nia njema, inamwokoa mtu na kuiacha ngoma yake mikononi mwa walioikataa. Kilichozuiwa mlangoni mwaka ule ni wazo kwamba mapigo pekee, bila sauti za kupanda na kushuka za ala nyingine, yanaweza kuwa utunzi kamili. Na wazo hilo linawahusu wasomaji wa Kiswahili kuliko wanavyodhani.

Kwanza ni vyema kumfahamu mtu mwenyewe. Sánchez alizaliwa mwaka 1971 katika nyumba ya sanaa. Babu yake mzaa mama, Ignacio López Tarso, alikuwa miongoni mwa waigizaji wakubwa wa Mexico, nyota wa Macario ya mwaka 1960, filamu ya kwanza ya nchi hiyo kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Mjukuu alianza kupiga dramu akiwa mtoto mdogo, akasomea piano katika chuo cha taifa cha muziki, kisha mwaka 1993 akaenda Boston kusoma Berklee na baadaye New England Conservatory. Alipiga na mpiga piano wa Panama, Danilo Pérez, na kuanzia albamu ya Speaking of Now ya mwaka 2002 akawa mpiga dramu wa Pat Metheny, mmoja wa wapiga gitaa wa jazi wanaoheshimiwa zaidi duniani.

Nasibu ina mzaha wake. Miaka ya ujana wake, Sánchez alikuwa akisikiliza kituo kimoja cha redio cha Jiji la Mexico ambako kijana mmoja mtangazaji alikuwa akicheza muziki usiopatikana kwingine. Ni katika kipindi hicho ndipo alipomsikia Metheny kwa mara ya kwanza. Mtangazaji yule alikuwa Iñárritu, kabla hajawa mwongozaji wa filamu. Walikuja kukutana ana kwa ana miaka mingi baadaye, baada ya onyesho la Metheny, mmoja akiwa jukwaani na mwingine miongoni mwa watazamaji. Kwa hiyo Iñárritu alipompigia simu kumwomba muziki wa filamu, alikuwa akimrudia msikilizaji wake wa zamani. Aliyefunzwa kusikiliza na redio yake sasa ndiye atakayemfunza jinsi filamu inavyopaswa kusikika.

Namna muziki ule ulivyotungwa ndiyo kiini cha mzozo wote, kwa hiyo inafaa kuielezea kwa makini. Sánchez, kama mwanafunzi mzuri, alianza kwa kumtungia kila mhusika pigo lake: huyu ana mdundo huu, yule ana mdundo ule. Iñárritu alipousikiliza mpango huo aliukataa. Alitaka kitu kisichotangulia kujua kitakachotokea. Wakaingia studio New York kabla filamu haijaanza kupigwa. Mwongozaji aliketi mbele ya mpigaji, akafumba macho, akawa anakiona kisa kichwani mwake. Mhusika alipofungua mlango au kupinda ukumbini, alinyanyua mkono, na Sánchez akabadili mapigo. Rekodi hizo za awali ndizo zilizotumika filamu ilipokuwa ikitengenezwa. Baadaye, picha zilipokwisha patikana, Sánchez alirekodi upya Los Angeles huku akizitazama. Hata hapo sauti ilionekana safi mno. Kisa kinatokea katika matumbo ya jumba kuukuu la maonyesho, Broadway, na Iñárritu alitaka dramu zisikike kana kwamba zilisahauliwa stoo kwa miaka. Sánchez akalegeza ngozi, akabandika utepe, akatafuta matoazi yaliyopasuka, akaiharibu sauti yake kwa ustadi uleule alioutumia miaka yote kuitengeneza.

Birdman imepigwa picha na Emmanuel Lubezki kwa namna inayoifanya ionekane kama mkondo mmoja usiokatwa. Katika filamu nyingi, mwendo wa kisa hutokana na mkasi wa mhariri: picha fupi hukimbiza moyo, picha ndefu huutuliza. Hapa mkasi umefichwa. Kazi hiyo wakaachiwa Sánchez na mikono yake miwili. Dramu zinapoharakisha, mhusika mkuu Riggan Thomson, anayeigizwa na Michael Keaton, huonekana kukimbia hata akiwa anatembea tu. Zinaponyamaza, mtazamaji hushtuka kama aliyeshikwa bega gizani. Atakayezitoa dramu ndani ya filamu hiyo atabaki na watu wanaozurura katika korido. Hakuna katika mwaka ule muziki ulioibeba filamu mabegani kwa kiasi hicho, na huo ndio uliotangazwa kwamba umezimuliwa.

Watetezi wa Akademi husema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ni kweli kwamba msumeno huo umewakata wengi wasio na asili ya Amerika ya Kusini wala ya Kati. Mwaka 1973 uteuzi wa Nino Rota kwa The Godfather ulifutwa kwa sababu alikuwa ametumia tena sehemu ya muziki wa filamu yake ya zamani. Jonny Greenwood alienguliwa kwa There Will Be Blood ya mwaka 2007. Clint Mansell na Carter Burwell walienguliwa kwa Black Swan na True Grit, zote za mwaka 2010. Jóhann Jóhannsson alienguliwa kwa Arrival ya mwaka 2016. Orodha hiyo inatosha kuwanyamazisha wanaotaka kulifanya suala zima kuwa la pasipoti.

Lakini msumeno wa kweli haupindi kona. Katika mwaka huohuo wa 2010, The King's Speech ilifikia kilele chake, hotuba ya mfalme mbele ya kipaza sauti, kwa muziki wa Beethoven. Dakika ambazo filamu yote ilikuwa ikizielekea zilibebwa na maiti wa karne ya 19. Alexandre Desplat, mtunzi wa muziki mwingine wa filamu ile, aliteuliwa kuwania Oscar bila matata. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Gustavo Santaolalla wa Argentina alitwaa Oscar kwa muziki wa Babel, filamu ya Iñárritu huyuhuyu. Babel inafungwa na kipande cha Ryuichi Sakamoto kilichokuwa kimekwisha rekodiwa miaka mingi kabla. Hakuna aliyesema kwamba Sakamoto alimzimua Santaolalla. The Social Network, iliyowapa Trent Reznor na Atticus Ross tuzo hiyo mwaka 2011, ina muziki wa Grieg uliopangwa upya kwa mashine. Grieg naye hakumzimua mtu.

Msumeno gani huu? Ukweli ni kwamba wakati ule kanuni haikuwa kipimo cha rula. Ilikuwa maamuzi ya kamati iliyokaa faraghani na kujiuliza kama utunzi mpya umepoteza nguvu kwa kuwekwa karibu na wa zamani. Akademi yenyewe ilikuja kukiri udhaifu huo kwa vitendo. Mwaka 2020 iliweka kiwango cha asilimia 60 ya muziki mpya katika filamu, na mwaka 2021 ikakishusha hadi asilimia 35. Kanuni inayohama kutoka hisia za kamati hadi asilimia 60 na kutoka hapo hadi 35 kwa muda mfupi namna hiyo haikuteremshwa kutoka mbinguni. Ni watu waliokuwa wakisikiliza, na masikio yao yana malezi.

Basi swali ni moja: masikio hayo yalilelewa kusikia nini? Okestra ya Tchaikovsky na dramu za Sánchez zikiwekwa katika filamu moja, ni rahisi kwa msikilizaji wa malezi fulani kuihesabu okestra kuwa muziki na dramu kuwa kelele ya mandhari, sawa na honi za magari na vishindo vya viatu. Lakini msikilizaji makini wa Birdman huona kinyume chake. Okestra mara nyingi huingia pale Riggan anapojidanganya, anapojiona bado ni shujaa arukaye juu ya majengo ya New York. Ni muziki wa kuazima kwa sababu ukuu wa mhusika nao ni wa kuazima. Dramu ndizo zinazosema kweli kumhusu: hofu yake, papara yake, moyo wake unaodunda asipotaka udunde. Vipande vya zamani vimewekwa humo ili viwe vya zamani. Kuvitumia kama ushahidi dhidi ya Sánchez ni sawa na kumnyima mwandishi sifa ya riwaya yake kwa kuwa mmoja wa wahusika wake ana tabia ya kunukuu mashairi ya wengine.

Atakayedhani tafsiri hii ni ya kuonea aangalie yaliyotokea usiku wa tuzo zenyewe, Februari 2015. Birdman ilikuwa imeteuliwa katika tuzo mbili za sauti, ya uhariri wa sauti na ya uchanganyaji wa sauti. Tuzo ya uchanganyaji ilikwenda kwa Whiplash, filamu kuhusu mpiga dramu. Mshereheshaji wa usiku ule, Neil Patrick Harris, alipita jukwaani akiwa na nguo ya ndani tu, akiigiza kisa mashuhuri cha Birdman, huku Miles Teller, nyota wa Whiplash, akigonga dramu nyuma ya pazia. Matawi ya Akademi ni mengi na kila moja hupiga kura yake, kwa hiyo si haki kulibebesha moja mzigo wa jingine. Hata hivyo picha nzima inasema wazi. Mapigo yalikaribishwa ukumbini yakiwa sauti. Yalikaribishwa yakiwa mzaha. Yalipotaka kuingia yakiwa muziki, mlango ulikuwa umekwisha fungwa. Birdman iliondoka na tuzo nne, ya filamu bora ikiwamo, na tuzo ya muziki ikaenda kwa Desplat, kwa The Grand Budapest Hotel.

Kejeli ni kwamba Birdman yenyewe ilikwisha wataja waamuzi wa aina hiyo. Ndani yake yumo mhakiki wa gazeti, Tabitha, anayemwambia Riggan kwamba ataiua tamthilia yake kabla hajaiona, kwa sababu mtu wa namna yake hana haki ya kukanyaga jukwaa la Broadway. Watazamaji walicheka katika tukio hilo. Kamati ya muziki ikaenda ikaliigiza upya, safari hii bila kamera.

Kuna hoja nyingine inayojificha nyuma ya ile ya kanuni, nayo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba Sánchez hakutunga, alipiga tu. Papo kwa papo si utunzi, husema, kwa kuwa hakuna karatasi ya nota iliyotangulia. Hapa lugha ya Kiswahili ina jambo la kuufundisha ukumbi wa Hollywood. Kutunga ni kupitisha uzi katika shanga moja baada ya nyingine hadi zishikamane. Kitenzi hicho hakiulizi kama mshonaji alichora mkufu kwanza. Malenga anayejibu shairi la mwenzake papo hapo, mbele ya watu, huitwa mtunzi, tena akisifiwa zaidi kwa sababu hakupata muda wa kujiandaa. Santaolalla mwenye Oscar mbili amekiri mara kadhaa kwamba hajui kusoma nota; hakuna aliyemwambia arudishe sanamu zake. Sánchez, aliyesoma muziki katika vyuo vya nchi mbili, ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba alichofanya ni utunzi. Tofauti ya wawili hao haiko katika elimu wala katika karatasi. Mmoja alishika nyuzi, mwingine alishika vijiti.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii kwa kawaida huonya juu ya ubinafsi, lakini inafaa pia kueleza jinsi vipimo vya sanaa vinavyotengenezwa. Walioianzisha tuzo ya muziki wa filamu walitoka katika ulimwengu wa okestra, wakaivuta ngozi upande wa okestra, na leo ngoma inapolia upande mmoja wanashangaa kusikia kwamba upande mwingine nao una sauti.

Sasa ni zamu ya watetezi wenye huruma, wale wasemao kwamba Sánchez alikataliwa kwa kuwa ni Mlatino. Nia yao ni njema, na mazingira yaliwapa sababu. Usiku uleule Sean Penn, akimkabidhi Iñárritu tuzo ya filamu bora, alifanya mzaha kuhusu kibali chake cha kuishi Marekani, na Iñárritu akatumia nafasi yake kuwaombea heshima wahamiaji wa Mexico. Lalo Schifrin wa Argentina aliteuliwa mara sita bila kushinda, na hatimaye alipewa Oscar ya heshima mwaka 2018, akiwa mzee. Ubaguzi upo, hakuna haja ya kuutafuta kwa tochi.

Lakini neno Mlatino ni nguo iliyoshonwa ng'ambo. Mtu wa Jiji la Mexico haamki asubuhi akiwa Mlatino. Huvishwa jina hilo akivuka mpaka, kama vile mtu wa Tanga au Lamu anavyopanda ndege akiwa mtu wa kwao na kushuka Heathrow akiwa Mwafrika. Nguo hiyo huja na masharti. Mwanamuziki Mlatino hutarajiwa alete joto, densi, kayamba na bongo, kitu ambacho msikilizaji atakitambua kabla hajakisikiliza. Sánchez hakuleta lolote kati ya hayo. Dramu za Birdman hazina bendera. Ni mapigo ya jazi yaliyovunjwavunjwa, yanayofuata pumzi ya mhusika na kufuata hapohapo vijia vya jumba. Lau angeleta sherehe ya mariachi, pengine angepokewa kwa bashasha kama mgeni mwenye zawadi ya kwao. Alileta kitu ambacho hakikumtangaza yeye ni nani, na kwa hiyo masikio yaliyozoea kumtafuta Mlatino hayakupata pa kumshika. Anayemtetea Sánchez kwa asili yake peke yake anaikubali ile hesabu iliyomnyima: kwamba thamani ya kazi hutokana na mahali mwenye kazi alikozaliwa.

Yeye mwenyewe amejibu kwa njia ngumu zaidi. Hakukosa heshima kwingine: tuzo ya wahakiki wa Marekani, Critics' Choice, ilimwendea mapema mwaka 2015, na Grammy ya muziki wa filamu ikamfuata mwaka 2016. Amezunguka miji mingi akipiga dramu moja kwa moja jukwaani huku Birdman ikionyeshwa nyuma yake, kila usiku tofauti, jambo linalowaumbua waliosema kwamba muziki ule hauna mwenyewe. Kisha akafanya kitu kilichomtoa katika safu ya wapiga dramu wa kawaida na kumweka miongoni mwa wasanii wa sauti. Katika mdahalo wa wagombea urais wa Marekani wa Oktoba 2016, Donald Trump aliwataja wahamiaji kwa neno la Kihispania lenye dharau, akiwaita watu wabaya. Mwaka 2017 Sánchez alitoa albamu yenye jina hilohilo, Bad Hombre, aliyoitengeneza peke yake katika studio ya nyumbani New York, akichanganya dramu na sauti za mashine. Inafunguliwa na sauti ya babu yake, López Tarso, akisimulia kwa mtindo wa tenzi za mashujaa wa Mexico zinazoitwa corrido. Baada ya sauti ya mzee huyo, dramu zinaingia.

Mpangilio huo una maana. Babu ni neno, mjukuu ni pigo, na pigo halikuja kulipamba neno. Linaliendeleza pale lilipoishia. Mwaka 2018 akatoa Lines in the Sand na kundi lake Migration, akiwaelekea wahamiaji waliozuiwa mipakani. Mwaka 2022 akatoa Shift, sehemu ya pili ya Bad Hombre, na humo akageuza utaratibu wa kawaida juu chini: waimbaji kama Lila Downs, Natalia Lafourcade na Meshell Ndegeocello walimpa sauti na nyimbo zao, naye akazibomoa na kuzijenga upya juu ya msingi wa dramu. Kwa desturi, mwimbaji huleta wimbo na mpiga dramu huambiwa ajiweke nyuma. Hapa wimbo ndio ulioambiwa utafute nafasi yake ndani ya mapigo. Reznor na Ross, walewale waliopata Oscar kwa The Social Network, wamo katika albamu hiyo kama wageni wa mpiga dramu. Hakuna hotuba ya rufaa ambayo ingesema zaidi.

Hadi hapa msomaji wa Kiswahili anaweza kuwa ameketi kwa raha, akiwatazama Wamarekani wakisutwa. Raha hiyo haistahili. Ni kweli kwamba Kiswahili kina neno ambalo lingeumaliza mgogoro huu kabla haujaanza. Ngoma ni chombo, ni muziki wenyewe, ni uchezaji, na ni shughuli nzima inayowakusanya watu. Lugha iliyofunga vyote hivyo katika neno moja imekwisha kukataa kwamba mapigo ni pambo la kitu kingine. Lugha hiyohiyo inapopima shairi hutaja vina na mizani kwa pumzi moja, na hakuna mhakiki anayesema kwamba vina ni ushairi ila mizani ni kelele.

Lakini tazama kinachofanywa na wanaoishi kwa lugha hii, hasa katika vyuo vya ughaibuni. Mkusanyaji huenda kwenye ngoma ya harusi au ya jando, akarudi na maneno. Maneno huandikwa, hutafsiriwa, hufafanuliwa, huwekewa tanbihi. Jina la mwimbaji hutajwa likijulikana. Mpigaji wa ngoma hubaki bila jina, na alichopiga hakiandikwi popote, kana kwamba mwimbaji aliimba jangwani. Darasani mwanafunzi hupewa ukurasa na kuulizwa maudhui, dhamira na tamathali za usemi. Haulizwi ni wakati gani ngoma ilibadili mwendo, wala kwa nini kibwagizo kilirudiwa mara saba usiku ule badala ya mara tatu. Jibu la swali hilo lilikuwa mikononi mwa mpigaji, na mpigaji hakualikwa kitabuni. Kazi ya namna hiyo imekwisha toa hukumu ileile iliyotolewa Hollywood: neno ni sanaa, pigo ni mazingira.

Tena hukumu ya nyumbani ina dhambi zaidi. Kamati ya Akademi ingeweza kujitetea kwamba haikulelewa na lugha yenye neno ngoma. Mhakiki wa Kiswahili hana udhuru huo. Ana neno, ana urithi, na bado huivutia ngozi upande wa karatasi kwa sababu karatasi ndiyo inayompandisha cheo, ndiyo inayochapishwa, ndiyo inayoeleweka kwa wenzake wa idara za fasihi walioko London na Wisconsin. Itasemwa kwamba mhakiki wa fasihi si mwanamuziki, na kwamba kila taaluma ina mipaka yake. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama mipaka hiyo ingelindwa pande zote. Mhakiki huyohuyo huandika bila haya kuhusu mavazi ya wachezaji, historia ya mji, uchumi wa harusi na itikadi ya wafadhili wake. Anakumbuka mipaka ya taaluma yake anapoifikia ngozi ya ngoma tu.

Linalodaiwa hapa si jambo kubwa. Chombo cha kurekodi kinatoshea mfukoni. Atakayekusanya nyimbo za ngoma kesho na alete na mapigo yake. Aandike ni ngoma ngapi, zinaitwaje na wenyewe, ipi ilianza na ipi iliitikia. Aeleze ni wapi mwendo uligeuka na wimbo ukageuka nao. Na juu ya ukurasa aweke jina la mpigaji kando ya jina la mwimbaji, iwapo wote wawili wameridhia kutajwa. Wahariri wa majarida, hili likiwamo, wairudishe makala inayouchambua wimbo wa ngoma bila kuitaja ngoma, kama wanavyoirudisha ile inayolichambua shairi bila kulinukuu.

Katika Birdman, kamera inamfuata Riggan katika vijia vya jumba la maonyesho, na kwa mara kadhaa inampita mpiga dramu aliyeketi akipiga: mara barabarani, mara katika chumba cha ndani. Dramu zilizokuwa hewani kumbe zilikuwa na mtu. Aliyeonekana pale ni Nate Smith, kwa kuwa Sánchez alikuwa safarini na maonyesho. Mikono inayosikika ni ya Sánchez. Riggan anapita bila kusimama. Ana haraka ya kufika jukwaani, ambako kuna maneno ya kusema.